Keki Ndogo na Tundu Lake

Katikati ya keki ndipo panapoiva mwisho. Joto la oveni huanza kwenye kingo za kibati na kuingia ndani polepole. Pembeni kukiwa kumeshashika na kuanza kubadilika rangi, katikati bado ni rojo. Ndiyo maana mwokaji huchoma kijiti katikati, hachomi pembeni. Na kwa kuwa huchelewa kukauka, katikati ndiyo sehemu laini kuliko zote, ile ambayo mtoto mjanja huibakiza aile mwisho. Ajabu ni kwamba kuna vyombo kadhaa vya jikoni ambavyo kazi yake yote ni kuiondoa sehemu hiyohiyo.

Vyombo hivyo vimeshafika kwetu. Kwenye maduka ya vifaa vya keki, Kariakoo hadi katikati ya Nairobi, mbali na mizani, michapo na vikaratasi vya rangi, siku hizi utakuta pia vifaa vya kuifanya keki ndogo, kapkeki kama wengi wanavyoiita, iwe na tundu la kutia jemu, kastadi, chokoleti au krimu. Kuna mrija wa plastiki wenye meno chini na kitufe cha kusukumia juu. Kuna nozeli ndefu nyembamba yenye ncha iliyokatwa mshazari. Na kwa wanaoagiza mtandaoni, kuna trei za Kimarekani zenye kifuniko cha vijiti vya chuma vinavyozama kwenye rojo, keki ikaumuka na kuiva ikivizunguka, ukitoa kifuniko tundu limo. Mama anayeoka nyumbani na kuuza kwa WhatsApp anajua kwa nini vitu hivi vinamvutia. Keki yenye kitu ndani huuzwa bei ya juu, ilhali unga, mayai na siagi ni vilevile.

Kipi kati ya hivyo kinastahili pesa yako? Jibu langu linaanzia mahali ambapo maandishi ya kwenye boksi hayafiki: kwenye ukuta wa tundu.

Chukua keki iliyoiva na kupoa, itoboe kwa kisu, uchungulie ndani. Utaona vinyweleo vingi vilivyo wazi, vilivyoachwa na hewa na mvuke wakati wa kuumuka. Ukitia humo jemu nyepesi au rojo la pasheni, vinyweleo vinaanza kunywa. Ikilala hadi kesho yake, tundu litakuwa limebaki na jemu kidogo, na nyama ya keki imeloa na kuwa na doa pana. Sasa chukua keki iliyoivia kwenye kijiti cha chuma. Ukuta wake wa ndani uligusana na chuma cha moto, ukakauka kwa juu, ukajifunga ganda jembamba la rangi ya kahawia, lilelile unaloliona chini ya keki yoyote. Ganda hilo halizuii unyevu kabisa, lakini linauchelewesha. Keki hizi mbili ukizila papo hapo hutaona tofauti kubwa. Zilaze, ndipo utakapojua ipi ni ipi.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi wa vifaa liwe: keki zangu zinaliwa lini? Anayeoka kwa ajili ya wageni wa saa kumi hahitaji trei ya vijiti. Anayeoka Ijumaa usiku oda ya arusi ya Jumamosi jioni, huyo ana sababu ya kuifikiria. Ingawa hata yeye ana njia ya mkato: apake ukuta wa tundu chokoleti iliyoyeyushwa, tabaka jembamba tu, aiache igande, kisha ndiyo atie jemu. Mafuta ya kwenye chokoleti hayapatani na maji ya jemu, na kazi inakuwa imekwisha bila chombo kipya.

Historia ya keki hizi ni ya Marekani, na kwa sehemu kubwa ni historia ya vibati. Mwaka 1796 Amelia Simmons alichapisha kitabu cha mapishi, American Cookery, ambamo mna keki nyepesi ya kuokwa katika vikombe vidogo. Keki ndogo ilikuwa na faida ya wazi: iliiva upesi. Lakini habari ya kuijaza kitu ndani kiwandani ilingoja karne nyingine na zaidi. Mwaka 1930 James Dewar, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Continental Baking kule Illinois, aliona vibati vya kuokea keki za stroberi vimekaa bure, kwa sababu msimu wa stroberi ni mfupi na nje ya msimu hakuna cha kuweka ndani. Akavitumia kuoka keki ndefu za njano na kuzidunga krimu ya ndizi. Hizo ndizo Twinkies. Vita Kuu ya Pili ilipoleta mgao wa vyakula, ndizi zikaadimika, krimu ikawa ya vanila na ikabaki hivyo. Ukiigeuza Twinkie utaona chini yake vitundu vitatu: ndipo sindano za mashine zilipopita. Kampuni hiyohiyo ilikuwa na keki ndogo ya chokoleti yenye jina la Hostess, iliyokuwa ikiuzwa tangu 1919 bila kitu ndani. Mwaka 1950 nayo ikatiwa krimu, na juu yake ikachorwa ule mstari mweupe wa kujikunja ambao Wamarekani wanaujua hata wakifumba macho.

Angalia walichochagua wenye viwanda. Walikuwa na uwezo wa kutengeneza mashine ya kutoboa na mashine ya vijiti, wakachagua sindano. Sindano haitupi chochote. Haiachi kovu kubwa. Inachotaka ni kitu laini kinachopita, na keki yenye hewa ya kutosha ili nyama yake isogee ikipisha krimu.

Nozeli ndefu ya nyumbani ni mtoto wa sindano hiyo. Wapambaji wa keki huiita ya Bismarck, na ile ya kampuni ya Wilton ya Marekani ina namba 230. Unaitia kwenye mfuko wa kupambia, unaichoma katikati ya keki hadi karibu na chini, unakamua huku ukiivuta juu taratibu. Keki inavimba kidogo, hapo acha. Ukiendelea, itapasuka ubavuni na mchezo umekwisha. Kwa njia hii unapata kama kijiko cha chai cha krimu, si zaidi sana, na huwezi kupitisha jemu yenye vipande vya matunda wala nazi iliyokunwa, maana nozeli itaziba na mkono wako utakamua hewa. Kwa krimu, kastadi laini na chokoleti ya kupaka, hakuna kifaa kinachoishinda, na ndicho rahisi kuliko vyote. Ningependa kusema ndicho kinachouzwa sana, lakini madukani naona watu wanakimbilia kile cha plastiki chenye kitufe.

Kile cha plastiki, tukiite kitoboleo, kinafanya kazi kama kinavyoahidi. Unasukuma, unazungusha, unavuta, unabonyeza kitufe, kipande cha keki kinadondoka. Sharti keki iwe imepoa kabisa, kwani ikiwa na moto nyama yake haikatiki, inachanika. Sharti pia usimamishe mkono kabla ya kufika chini. Acha sentimita moja, la sivyo jemu itatokea kwenye karatasi na mteja ataigundua kwa suruali yake.

Tatizo la kitoboleo ni kwamba upana wake haubadiliki, na upana ndio unaoamua kila kitu. Tufanye hesabu kidogo. Tundu lenye upana wa sentimita 2 na kina cha sentimita 2.5 linabeba mililita 8, kijiko cha chai na nusu. Liongeze upana liwe sentimita 3, kina kilekile, linabeba karibu mililita 18, zaidi ya kijiko cha mezani. Sentimita moja imezidisha jemu zaidi ya mara mbili, na gharama yake pia. Anayepanga bei ya oda kwa kukisia atajikuta ameuza jemu badala ya keki. Mimi ningekaa katikati, sentimita 2.5, ambazo ni kama mililita 12: dazeni mbili za keki zitakula chini kidogo ya mililita 300 za jemu.

Na dazeni mbili hizohizo zitatoa karibu mililita 300 za vipande vya keki vilivyong'olewa. Keki ndogo ya kawaida ina ujazo wa mililita 100 hivi. Maana yake, katika kila keki ishirini na nne unazooka, tatu zinaishia kuwa makombo. Wengine huyachanganya na krimu wakafinyanga vidonge vya kuchovya kwenye chokoleti na kuviuza kivyake. Katika nyumba zenye watoto hesabu hiyo haifiki mbali.

Kabla hujanunua kitoboleo, angalia kwenye droo yako. Nozeli kubwa ya kupambia, ukiigeuza na kuisukuma kwa upande wake mpana, inatoboa vilevile. Kisu kidogo chenye ncha kinafanya vizuri zaidi: zungusha kisu kimeinama kuelekea katikati, utoe kipande chenye umbo la pia, ukate ncha yake, utie jemu, kisha urudishe kile kipande cha juu kiwe kifuniko. Kifuniko kina maana kubwa kuliko kinavyoonekana. Bila hicho, aisingi unayoipamba juu inazama ndani ya tundu, na lile ua ulilolichora linakuwa na bonde katikati. Kitoboleo chenye kitufe kinasukuma kipande kikatoka kimebanwa, na mara nyingi hakifai tena kufunika kitu.

Sasa trei za vijiti. Hizi ndizo zinazonivutia, kwa sababu aliyezibuni alikuwa na akili na bado hakushinda.

Wazo lake si geni. Wajerumani wana kibati cha zamani cha keki ya matunda, kilichoinuka katikati, ili keki ikipinduliwa iwe na bonde la kupangia matunda. Marekani kibati cha namna hiyo kinaitwa Mary Ann. Kibati cha keki ya duara lenye tundu kina mnara katikati, na mnara huo haukuwekwa kwa urembo: unaleta joto mahali ambapo lingechelewa kufika, ili keki nzito iive ndani kabla haijaungua nje. H. David Dalquist wa Minneapolis alikitengeneza kwa alumini mwaka 1950 na kukiita Bundt, na kikawa hakina soko kubwa hadi 1966, pale Ella Helfrich wa Texas alipoingia kwenye mashindano ya upishi ya Pillsbury na keki ya chokoleti iliyoivia humo, ndani ikiwa na mfereji wa chokoleti laini. Alishika nafasi ya pili, na nchi nzima ikatoka kutafuta kibati. Kinachochekesha ni kwamba ule mfereji haukutokana na kibati. Ulitokana na wingi wa sukari na siagi kwenye rojo, na keki kutolewa kabla haijaiva kabisa.

Trei ya vijiti inachukua mnara huo na kuupunguza ukubwa hadi uingie kwenye keki ya sentimita 7. Kijiti kinaleta joto katikati, keki inaiva mapema kuliko kawaida, na hainyanyui kichwa. Hiyo ni faida, kwa kuwa juu panakuwa bapa, tayari kwa aisingi. Ila mwenye kufuata dakika za mapishi yake ya zamani atatoa keki kavu. Na lile jambo la mwanzo linarudi hapa: ile sehemu laini ya katikati haing'olewi, haipo tangu mwanzo. Keki nzima imekuwa pembeni. Kwa keki ya mafuta au ya ndizi, yenye unyevu mwingi, hilo linavumilika. Kwa sponji nyepesi ya mayai, sipendi.

Kisha kuna suala la kuitoa. Keki ikipoa hunywea. Kwa nje, kunywea ni msaada, kwani keki inajivuta na kuachana na ukuta wa kibati yenyewe. Kwa ndani, kunywea kuleule kunaibana keki kwenye kijiti. Kadiri unavyongoja ndivyo inavyozidi kung'ang'ania. Ukisema uitoe ikiwa ya moto, nyama haijakomaa, inakatika. Kuna dakika chache katikati ya hali hizo mbili, na kila oveni ina zake. Watengenezaji wazuri husaidia kwa kukifanya kijiti kiwe chembamba nchani na kinene kwenye shina, ili kikisogea kidogo tu kiwe kimeachia kote. Vijiti vya upana mmoja juu hadi chini ni vya kuepuka hata vikiuzwa nusu bei. Na kumbuka kwamba karatasi hulinda nje tu. Kijiti lazima kipakwe siagi na kunyunyizwa unga, kimoja kimoja, kila mara.

Vya silikoni sivipendekezi kwa kazi hii. Vinanyumbulika, ni kweli, na keki inatoka bila ugomvi. Lakini alumini hupitisha joto mara mamia kadhaa kuliko silikoni, kwa hiyo kijiti cha silikoni hakileti joto katikati wala hakijengi lile ganda tulilokuwa tunalitafuta. Kinachukua nafasi tu.

Na anayeokea sufuriani kwa mkaa, akipalia makaa juu na chini kama ilivyo desturi ya pwani, trei yenye kifuniko haimfai. Moto wa juu unaishia kwenye bati la kifuniko, hauigusi keki, na kila akitaka kuangalia rangi lazima afunue sufuria na makaa yake, kisha afunue na trei. Huyo kisu kinamtosha.

Kuna njia moja ambayo haihitaji kifaa hata kimoja ila friza. Mwaka 1981 mpishi Michel Bras, katika mgahawa wake kule Laguiole, Ufaransa, alianza kuuza keki ya chokoleti inayomwaga chokoleti ya moto ukiikata. Siri yake ilikuwa kipande cha chokoleti na krimu kilichogandishwa, akakizamisha kwenye rojo kabla ya kuoka. Keki inaiva kukizunguka wakati chenyewe bado kinahangaika kuyeyuka. Njia hiyo inafanya kazi kwa keki ndogo za kawaida pia. Chota chokoleti ya kupaka kwa kijiko cha chai, panga matone kwenye sahani, gandisha usiku kucha, kisha tumbukiza tone moja katika kila kikombe rojo likiwa nusu na ufunike kwa rojo lingine. Tende zilizosagwa na siagi kidogo hukubali vizuri, tena hazihitaji hata kugandishwa, maana ni nzito kiasi kwamba hazisambai. Ila rojo liwe zito. Kwenye rojo jepesi, tone litazama chini na kunata kwenye karatasi.

Ninavyoona mimi, wengi wanaotamani trei ya vijiti wangeridhika na hili. Haliwafai tu wale wanaotaka kastadi au krimu, vitu visivyovumilia oveni.

Hao nao wana tahadhari yao. Kastadi na krimu ya maziwa ni chakula cha vijidudu katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60, na mchana wa Dar es Salaam au Mombasa uko humo ndani muda wote. Jemu inajilinda kwa sukari yake na asidi ya matunda. Kastadi haina kinga hiyo. Keki yenye kastadi ijazwe karibu na muda wa kuliwa na ikae kwenye jokofu, wala isisafirishwe kwa bodaboda kwenda mji mwingine. Aisingi ya siagi inaweza kusubiri ukumbini wakati maharusi wamechelewa, kama kawaida yao. Kastadi haiwezi.

Mwisho, kwa yule ambaye bado anataka trei ya vijiti na hataki kungoja mzigo wa kuagiza: mafundi wa Kamukunji kule Nairobi, au wa Gerezani Dar es Salaam, wanaweza kukutengenezea kifuniko cha kulingana na trei uliyonayo. Mpelekee trei yenyewe, usimpelekee vipimo vya karatasi. Agiza bati la alumini. Bati la mabati ya kuezekea lina zinki, na zinki haipatani na matunda yenye asidi. Vijiti viwe na urefu unaobakiza sentimita moja hadi chini ya kikombe, vichongwe vyembamba nchani, na vishikwe kwa ribiti zilizosagwa zikalala, kwa sababu kila kichwa cha ribiti kinachojitokeza kitang'oa kipande cha keki. Akikuambia atavilehemu, kwani ni haraka zaidi, mkatalie. Lehemu ya kawaida ya risasi na stani huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Keki yako inaivia kwenye 180.